Mashine ya ngazi kwa anayejiandaa na mbio za maghorofa: uzoefu wangu

Ninayoizungumzia hapa ni ile mashine ya jimu yenye ngazi halisi zinazoshuka mfululizo, ambayo wengi huiita StairMaster hata kama ubavuni imeandikwa jina jingine. Siyo ile ya pedali mbili za kukandamiza kwa zamu. Ya pedali mguu hauachi sehemu ya kukanyagia, kwa hiyo hakuna kunyanyua goti, na anayejiandaa kushindana kupanda ngazi za jengo refu hana cha kujifunza pale.

Naipa nyota nne kati ya tano. Pumzi na mapaja inakupa bila ubishi. Nyota ya tano inapotea kwenye kona, nitaeleza.

Kuna wanaosema mashine inakusaidia kwa sababu inakushushia ngazi. Si kweli. Ngazi zikishuka kwa mwendo mmoja nawe ukabaki palepale, kila hatua bado unainua uzito wako wote kwa kimo cha ngazi, sawasawa na kwenye jengo. Mtu wa kilo 70 akipanda ngazi 100 za sentimita 20 kwa dakika anatoa takribani wati 229 kwa kujiinua tu. Kinachodanganya ni mikono. Tazama watu jimu: viwiko vimenyooka, viganja vimegeuzwa nyuma juu ya reli, kiwiliwili kimelala mbele, skrini inaonyesha mwendo mkali na jasho hakuna. Sehemu ya uzito imebebwa na fremu. Mimi naruhusu vidole viwili viguse reli ili nisiyumbe. Ukihitaji zaidi ya hapo, punguza mwendo, maana huo uliouweka siyo wako.

Jambo la pili ni kusoma skrini. Angalia ngazi kwa dakika, achana na hesabu ya ghorofa. Mashine nyingi huhesabu ngazi 16 kuwa ghorofa moja, lakini majengo hayafuati kipimo hicho. Empire State Building, New York, ambako mbio zake zilianza mwaka 1978, wanapanda ghorofa 86 kwa ngazi 1,576, yaani wastani wa ngazi 18 kwa ghorofa. Willis Tower ya Chicago ni ghorofa 103 na ngazi 2,109, zaidi ya 20 kwa ghorofa. Ukishuka kwenye mashine ilipoandika 86 ukadhani umemaliza Empire State, umebakiza ngazi 200 kamili.

Kimo cha ngazi, kwa bahati, kinalingana vizuri. Mashine nyingi ni sentimita 20, na Empire State ni mita 320 kwa ngazi 1,576, karibu sentimita 20 vilevile. Lakini pima ya kwenu kwa futi ya fundi ikiwa imezimwa. Ikiwa ni sentimita 17, ngazi 1,576 za mashine hazifikii kimo cha jengo.

Mwendo unaupanga hivi: gawa idadi ya ngazi za jengo kwa dakika unazotaka. Kwa ngazi 1,576 za Empire State, mwendo wa ngazi 60 kwa dakika ni dakika 26 na sekunde 16. Wa 80 ni 19 na sekunde 42. Wa 100 ni 15 na sekunde 46. Ili ujue wenzetu wako wapi kwenye jengo hilohilo: Andrea Mayr wa Austria mwaka 2006 alitumia dakika 11 na sekunde 23, wastani wa ngazi 138 kwa dakika. Paul Crake wa Australia mwaka 2003 alitumia 9 na sekunde 33, yaani 165 kwa dakika. Mashine yenye kikomo cha 162 ingemchelewesha!

Kwa mwendo huo hakuna anayekanyaga ngazi mojamoja. Mbili mbili ndiyo lugha ya mchezo huu, na mashine inaufundisha vizuri ukianza taratibu. Weka 80 kwa dakika, panda mbili mbili, miguu itatua mara 40 tu. Mwanzoni inaonekana uzembe, dakika ya tatu makalio yanaanza kuzungumza. Tatizo la hapa ni kina cha ngazi: kwenye mashine nyingi ni kifupi kuliko kiatu cha namba 43, kisigino kinaning'inia. Ukikanyagia vidole tu, mzigo wote unaenda kwenye vigimbi na kano ya kisigino, na kano hiyo ikiuma haiponi haraka. Ingiza mguu hadi kiatu kikaribie ukuta wa ngazi, kisha sukuma kwa katikati ya wayo. Kiatu chepesi, soli nyembamba na ngumu. Vile vya kukimbilia vyenye soli nene vinayumba.

Ratiba ninayoiamini kwa wiki ina siku mbili za mashine. Ya kwanza: dakika 10 za kupasha kwa mwendo wa 45, kisha vipande sita vya dakika tatu kwa mwendo wa mashindano, katikati dakika mbili za taratibu bila kushuka. Kipande cha sita kikishindikana, mwendo uliopanga ni mkubwa. Uteremshe kwa ngazi tano kwa dakika wiki inayofuata. Ya pili: nusu saa mfululizo kwa mwendo ambao bado unaweza kusema sentensi nzima. Usiziweke siku zinazofuatana.

Siku ya tatu ni ya jengo, na hapa ndipo nyota inapopotea. Mashine haina kona wala reli ya kujivutia. Kwenye jengo halisi unapinda kila baada ya ngazi kumi hivi, na anayepinda kwa upana anatembea sakafu bure ghorofa zote. Shika reli ya ndani, mkono mbele ya mkono, jivute, zungusha mwili ukiwa umekaribia nguzo. Hesabu mapema ngazi zilizopo kati ya kona na kona: zikiwa 10 ni hatua tano za mbili mbili, zikiwa 11 inabaki moja, na ni lazima ujue mguu upi utaikanyaga, la sivyo unajikwaa mlangoni mwa kila ghorofa. Kujivuta kwa mikono hakuna mashine ya ngazi inayokufundisha. Ongeza mazoezi ya kuvuta kamba au vyuma vya uzito.

Kwenye jengo panda kwa miguu, shuka kwa lifti. Kushuka ngazi ndiko kunakorarua mapaja na kuchosha magoti, na mbio zenyewe huishia juu. Ombeni ruhusa kwa msimamizi wa jengo kwanza, maana mlinzi akikuta mtu anakimbia ngazi za dharura hakuelewi. Kikohozi kikavu baada ya kupanda kwa nguvu usikishangae: hewa ya humo ndani ni kavu na ina vumbi.

Kabla ya kulipia jimu kwa sababu ya mashine hii, ipande kidogo ukiisikiliza. Mnyororo uliokauka unafanya ngazi zishuke kwa kushtuka, na kwa mwendo wa 100 mshtuko huo unaingia gotini. Jaribu pia kitufe cha kusimamisha: ngazi zisimame zenyewe bila kuporomoka na uzito wako. Uliza kama wana jenereta. Na anayetaka kuinunua aiweke nyumbani, apime dari kwanza, kuanzia sehemu utakayosimama na siyo sakafuni.