Hyumidifaya ipi ununue kabla baridi ya Minnesota haijakaza

Aliyekulia Mombasa hafikirii kwamba hewa inaweza kukauka hadi imtoe mtu damu puani. Mimi nililijua Januari yangu ya pili hapa Minneapolis, mtoto alipoamka foronya ina madoa mekundu. Nesi aliniuliza swali moja tu: chumbani mwake kuna hyumidifaya, ile mashine ya kuongeza unyevu hewani?

Nje kukiwa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa haibebi zaidi ya gramu 1 hivi ya maji. Hewa hiyo ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 21, ina nafasi ya gramu 18. Unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 5, nayo inaanza kunyonya maji popote inapoyapata: midomoni, kwenye ngozi, puani, hata kwenye miguu ya meza.

Anza na kipima unyevu, cha dola 10 hadi 15. Bila hicho unakisia tu. Lenga asilimia 30 hadi 40, lakini nje kukifika nyuzi 20 chini ya sifuri teremka hadi 25 hivi. Ukizidisha, madirisha yatatoka jasho, maji yatatiririka kwenye fremu na kuvu itaota.

Sasa mashine zenyewe, nikianza na ninayoiamini zaidi kwa mpangaji.

1. Ya utambi na feni. Utambi unanyonya maji ya tangi, feni inapuliza hewa kupitia humo. Huoni ukungu wowote, ndiyo maana wengi hudhani imeharibika. Maji yanaondoka kama yanavyoondoka kwenye kanga iliyoanikwa, na chokaa iliyomo kwenye maji inabaki kwenye utambi. Chumba kikishapata unyevu, yenyewe inapunguza kasi. Ina kelele ya feni, na utambi hubadilishwa kila baada ya mwezi mmoja au miwili, kwa hiyo uliza bei ya utambi kabla hujalipia mashine.

2. Ya kufungwa kwenye fanesi, ile tanuri inayopasha nyumba nzima. Kama nyumba ni yako na hewa ya moto inapita kwenye mabomba yake, basi kwako hii ndiyo ya kwanza. Inaungwa na bomba la maji, hujazi tangi, na pedi yake hubadilishwa mara moja kwa msimu. Mpangaji aipite tu.

3. Ya mtetemo, ile inayotoa ukungu baridi. Ni rahisi, iko kimya, na ndiyo niliyoikimbilia mimi. Inarusha vitone vidogo pamoja na kila kilichomo kwenye maji. Nilitia maji ya bomba. Siku ya tatu ningeweza kuandika jina langu kwa kidole kwenye kioo cha televisheni, vumbi jeupe kote, na vumbi hilohilo mtoto alikuwa analivuta. Inataka maji yaliyokenekwa, yale ya kununua kwa galoni. Piga hesabu ya galoni za msimu mzima, urahisi wake unayeyuka.

4. Ya kuchemsha. Mvuke wake ni safi, lakini lita moja inakula kama uniti 0.7 za umeme, na ndani mna maji ya moto. Madaktari wa watoto Marekani wanashauri mashine isiyochemsha maji kwenye chumba cha mtoto kwa kuhofia kuungua. Penye watoto wadogo, siipendekezi kabisa.

Na kama mfuko haujaruhusu, anika nguo chumbani usiku. Nguo zilizotoka kufuliwa kwa mashine hutoa lita nzima na zaidi. Sufuria ya maji juu ya redieta ya kupashia chumba nayo husaidia, ila kidogo.

Mashine yoyote ya tangi, mwaga maji yake kila siku, na kila siku ya tatu lisugue tangi. Chokaa itoe kwa siki nyeupe, kisha suuza vizuri. Maji yakilala humo huota utelezi, na utelezi huo ndio utakaopulizwa chumbani. Kwa hiyo pale dukani fungua kifuniko, ingiza mkono. Usipofika chini ya tangi, irudishe kwenye rafu.