Hamlet kwa Kiswahili jijini Dodoma: nenda kwa ajili ya Ophelia

Tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare ikichezwa bila kukatwa huchukua kama saa nne. Vijana wanaoionyesha kwa Kiswahili hapa Dodoma wameibana ikawa saa mbili na nusu, na wamekata kwa akili: mwana wa mfalme Fortinbras na jeshi lake la Norwei wameondoka wote, muda wao wakapewa Hamlet na Ophelia, msichana anayempenda. Ni uamuzi mzuri sana.

Kazi kubwa iko sehemu ya tatu, onyesho la kwanza. Ophelia amewekwa na baba yake, Polonius, akutane na Hamlet, naye anamrudishia zawadi zake, huku mzee huyo na mfalme Claudius, ami yake Hamlet, wamejificha wakisikiliza. Hapo kila muongozaji ana swali la kujibu: Hamlet anagundua saa ngapi kwamba wanasikilizwa? Shakespeare hakuandika. Akijua tangu mwanzo, ukali wake wote ni wa kumchezea mfalme. Asipojua kabisa, anabaki mkatili tu. Hapa anajua katikati. Ameshamwambia binti kwamba alimpenda, akageuka akasema hakumpenda kamwe; mara pazia linatikisika kidogo. Anauliza, "Baba yako yuko wapi?" Ophelia hakimbilii jibu. Anatazama kwanza kifurushi cha barua mkononi, anakaza uzi wake, ndipo anasema, "Yuko nyumbani, bwana wangu." Uongo huo mmoja unatosha. Kuanzia hapo Hamlet hamsogelei tena, na kila tusi analolitoa linaelekezwa kwenye pazia ingawa linamwangukia msichana.

Walipokosea ni kuikata barua. Katika sehemu ya pili Polonius huwasomea mfalme na malkia barua ya Hamlet kwa Ophelia: atilie shaka kwamba nyota ni moto, atilie shaka mwendo wa jua, lakini penzi lake asilitilie shaka. Ni mishororo minne, haimalizi dakika. Bila hiyo, mtazamaji ambaye hajaisoma tamthilia hasikii hata neno moja la mapenzi ya Hamlet kabla ya ugomvi. Matokeo yake yanaonekana makaburini, sehemu ya tano, Ophelia anapozikwa. Hamlet anapolia kwamba ndugu elfu arobaini wakijumlisha upendo wao hawamfikii, ukumbi unacheka. Si kosa la mwigizaji, maana anaulia upendo ambao watu hawakuonyeshwa. Barua irudishwe, na kama dakika ni shida, wapunguze porojo za Rosencrantz na Guildenstern, wale rafiki wa zamani wa Hamlet.

Maua ambayo Ophelia anayagawa akiwa amepatwa na wazimu, baada ya baba yake kuuawa, yanastahili sifa. Katika maandishi anagawa rosmari ya kumbukumbu na ruta, mmea mchungu wa majuto. Hapa ni mrehani na mwarobaini. Anachuma jani la mwarobaini, analitafuna mwenyewe, uso unakunjamana, kisha anampa malkia tawi lililobaki. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Akifika kwenye maua yaliyonyauka yote baba yake alipokufa, anafungua kiganja kitupu na kumwonyesha Laertes, kaka yake. Mrehani uwe mbichi kila siku, kwa sababu uliolala hauna harufu na safu za mbele hukosa nusu ya tendo hilo.

Kuhusu ukumbi: sakafu ni bapa na kaburi limewekwa chini, mbele ya jukwaa, hivyo ukikaa nyuma ya safu ya nne utaona vichwa tu. Wangeliinua juu ya meza mbili imara na kuzifunika kwa kitambaa cheusi. Paa ni la bati, na upepo wa Dodoma ukianza, maneno ya chinichini yanapotea. Kaa kushoto, pazia la Polonius linaonekana vizuri kutoka huko. Mapumziko ni mara moja tu, mfalme anapolikimbia igizo la mauaji ambalo Hamlet amemwandalia, na foleni ya chai ni ndefu. Beba sweta.