Seti ya elfu sitini na tano, na yule dada wa kaunta

Si kawaida yangu kuandika habari za duka la mtu, ila hili limenikaa kooni.

Naishi Iringa. Anayeijua Juni na Julai ya huku hahitaji maelezo: baridi, upepo mkavu, vumbi. Kwa sisi ambao hedhi imeshakoma na mafuta ya mwilini yamepungua, unajipaka asubuhi na kabla chai haijaiva umeshapauka. Miguuni magaga, kando ya pua magamba. Nilitaka kitu cha kulainisha tu, cha bei ya mstaafu.

Nikaingia duka moja la vipodozi pale mjini, lile la vioo na taa nyingi. Dada wa kaunta ni rika la kitinda mimba wangu, shikamoo hana. Akanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili, akasema wateja wote wakisikia: "Bibi, hapa tatizo si ukavu. Uso umechoka."

Umechoka! Nani kakuuliza?

Nikataja glisirini. Akacheka, eti hiyo ya kupaka watoto wa shule. Akapanga seti kwenye kioo: sabuni, krimu ya mchana, krimu ya usiku, na kichupa cha seramu kidogo kuliko kidole gumba. Elfu sitini na tano. "Utang'aa mpaka mzee nyumbani aulize huyu mgeni katoka wapi." Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuomba kung'aa, na mzee wangu ni marehemu. Nikalipa ili nitoke mle ndani.

Krimu ya usiku iliniwasha kama niliyejipaka pilipili, mashavu yakavimba. Kutazama boksi: ua, picha ya mwanamke mweupe, basi. Viambato havikuandikwa. Nchi hii zebaki na hidrokwinoni, zile kemikali za kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, lile shirika la viwango, sasa boksi lisilosema ndani mna nini linafikaje kwenye rafu yenye taa?

Nikairudisha. Hata hakuifungua. "Ndiyo inafanya kazi hiyo, inatoa uzee." Hela? Hairudi. Bosi? Yuko Dar. Halafu akaendelea na simu yake.

Kilichonisaidia nilikipata duka la dawa, kwa hela isiyofika hata nauli ya kwenda Dodoma. Glisirini na kopo la mafuta ya mgando. Muuzaji, baba mtu mzima, alinisalimu kwanza, akanieleza kwamba glisirini huvuta maji, kwa hiyo usiipake kavu kwenye hewa kavu, itayavuta ya kwenye ngozi yako mwenyewe. Oga maji ya vuguvugu, si ya moto, ile sabuni ya mche iache kwenye nguo. Ngozi ikiwa bado na umande, paka glisirini, juu yake mgando kidogo uzuie maji yasitoke. Magamba yameisha. Makunyanzi yapo, na yakae, nimeyafanyia kazi. Inanata, hilo nisifiche, na ukitoka na vumbi la huku unarudi na rangi nyingine. Usoni mchana nahitaji kitu chepesi zaidi, chenye kinga ya jua, na cha bei yangu bado sijakiona.

Na haki ya mtu nimpe: krimu ya mchana ya ile seti nimeipaka kwenye visigino na haina neno. Inalainisha kweli. Nilitaka kuwapa nyota mbili kwa ajili yake.

Lakini "uso umechoka"? Mbele za watu? Hapana, moja. Na hiyo moja si ya duka, ni ya kijana wa mlangoni aliyenipokea kikapu na kusema shikamoo.