Uzoefu wangu: Bobi alivyotibiwa baada ya dawa ya minyoo kugomesha uboho (ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu)

Niseme ukweli kosa lilianza kwangu. Bobi ni mbwa chotara wa German Shepherd, kilo 28, aliharisha siku tatu nikaenda duka la dawa za mifugo, jamaa akanipa albendazole, dawa ya minyoo ya maji ya ng'ombe ile ya asilimia 10, akasema mpe mil 10 asubuhi na jioni wiki nzima. Nikampa. Kuharisha kukakata kweli, ila siku chache baadae mbwa hali, anachemka, fizi zimepauka, nikimgeuza tumbo naona vidoadoa vyekundu nikajua viroboto, kumbe damu inavujia chini ya ngozi.

Kliniki niliyompeleka, daktari swali la kwanza ni dawa gani amekunywa mwezi huu, akanirudisha nyumbani nikalete chupa. Mi nilishajiaminisha ni homa ya kupe, na alipima kweli maana nayo inashusha damu hivyohivyo, haikuwepo. Plateleti, zile chembe za kugandisha damu, zilikuwa elfu 18 wakati kawaida zinaanzia kama laki mbili, seli nyeupe zinazopigana na magonjwa ndo usiseme. Akanambia ile albendazole imefanya uboho ugome kutengeneza damu, na seli nyeupe zinaishi masaa tu, plateleti wiki hivi, ndo maana zinaisha kwanza, nyekundu zinakaa miezi mitatu na zaidi ila za Bobi zilishuka sababu anavuja. Eti hata ile sindano ya homoni wanayochomwa majike yaliyopandwa bila mpango inaweza kufanya hivi!

Matibabu yenyewe ni kuacha dawa na kumlinda mpaka uboho uamke. Antibayotiki zote kwenye mshipa, msuli hawakugusa asije akavuja damu. Damu ya akiba hawana, nikaomba mbwa wa jirani, wakachanganya matone ya damu zao kwanza waone kama zinapatana, halafu mfuko ukaingia taratibu karibu masaa manne nimemshika kichwa, masikio yalikuwa ya baridi mpaka katikati ya mfuko yakaanza kupata joto.

Kilichoniudhi, usiku hamna mtu wa zamu, nililala kwenye benchi, na bili inapanda kila siku hawasemi mpaka uulize.

Siku ya tisa seli nyeupe zikaanza kupanda, wiki ya tatu plateleti zikavuka laki. Sasa hivi anafukuza bodaboda kama zamani. Kliniki naipa nyota nne. Mbwa wa jirani nampelekea utumbo kila Jumamosi.