Kifurushi cha kufungamanisha masomo muhula mzima: uzoefu wangu na darasa la tatu

Likizo ya mwezi wa 12 nilituma elfu 25 kwa M-Pesa nikanunua kifurushi cha maandalizi ya muhula wa kwanza darasa la tatu, kile cha kufungamanisha masomo, yaani mada moja inapita kwenye Hisabati, Sayansi, Kiswahili, Jiografia na Mazingira mpaka Sanaa na Michezo. Muhula umeisha, nimekitumia toka wiki ya kwanza, na walimu kadhaa wameshaniuliza kama kinafaa kwahiyo nimeona niandike kwa kirefu. Muuzaji simtaji jina. Kinafaa, ila ukikichukua kama kilivyo ukaingia nacho darasani utapoteza muhula, na mimi nusura nipoteze.

Kwanza mjue unachopata. Kuna faili la Excel linaitwa ramani ya muhula, kuna maandalio ya somo yameshajazwa, kuna karatasi 30 za kazi za wanafunzi kwenye PDF, na unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la sapoti. Kila kitu kinafunguka kwenye simu ila ile Excel kwenye simu inatesa, tafuta laptopu hata ya kuazima.

Hiyo ramani ndo imenifanya nisijute hela yangu. Darasa la tatu kwetu masomo yamegawanywa kwa walimu wanne, na kila somo lina azimio la kazi lake, yaani mpango wa nini kinafundishwa wiki gani, mwalimu wa taaluma analitaka, wathibiti ubora wa shule wakija wanalitaka, huwezi kuwaambia sisi tumechanganya masomo yote kwenye karatasi moja. Wengi tunaposikia kufungamanisha tunadhani ni kuvunja maazimio tuanze upya, ndo maana tunaogopa. Ramani haivunji kitu. Imepanga wiki kwa kushuka na masomo kwa kwenda kulia, unachukua umahiri mahususi wa kila somo, yaani kile mtoto anachotakiwa aweze, kutoka kwenye azimio lako ulilonalo unausogeza mbele au nyuma wiki mbili tatu mpaka unakutana na mwenzake. Mfano Hisabati vipimo vya uzito vilikua wiki ya 11 na Sayansi mambo ya chakula yalikua wiki ya 6, tumevisogeza vyote vikaangukia wiki ya 8 na 9, basi, azimio limebaki azimio, idadi ya vipindi imebaki ile ile, ila mtoto anakutana na kitu kile kile kwa mlango wa Hisabati asubuhi na mlango wa Sayansi baada ya mapumziko. Tulikaa walimu wote wanne siku moja tu, kama masaa matatu hivi, soda na maandazi, tukamaliza. Sijawahi kuona kikao cha maandalizi kimeisha watu bado wana hamu ya kuongea.

Sasa matatizo. La kwanza, nusu ya maandalio yalikua ya mtaala wa zamani. Unakuta limeandikwa Uraia na Maadili, lingine Maarifa ya Jamii, wakati mtaala wa 2023 ulianza kutumika darasa la tatu toka 2024, sasa hivi ni Historia ya Tanzania na Maadili na Jiografia na Mazingira. Sio jina tu lililobadilika, hata umahiri wenyewe haufanani. Nilirudi kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu nikashusha mihtasari, ambayo ni bure jamani, nikasahihisha moja moja. Ilinila siku mbili na bando. Ukinunua kifurushi chochote, kabla hujalipa omba muuzaji akutumie ukurasa mmoja wa azimio uulinganishe na muhtasari.

La pili karatasi za kazi. Ni nzuri, zina michoro, lakini mimi nina watoto 86. Stationery kwetu ukurasa mmoja ni shilingi 100, kwahiyo karatasi moja kwa darasa zima ni 8,600 na zote 30 ni 258,000. Hamna. Nilichukua michoro michache nikaichora kwenye mabango ya maboksi na iliyobaki tukafanya kwa counter book na ubao.

La tatu ndo kubwa na ndo hasa lililonifanya niandike. Mada kuu ya kifurushi ilikua korosho. Aliyetengeneza nadhani ni wa kusini, na kwa mtoto wa Mtwara au Lindi hiyo ni mada ya dhahabu. Sisi tuko kando ya Ziwa Victoria upande wa Sengerema. Mtoto wangu mkorosho hajawahi kuuona. Wiki mbili za kwanza nikafundisha korosho kama nilivyouziwa, watoto wakawa wanaimba majibu tu. Halafu nikaanza kukagua vizuri yale maandalio nikagundua kwamba mengi hayafungamanishi chochote, yanapamba. Kipindi cha Hisabati kimeandikwa wanafunzi wachore korosho 5 wajumlishe na korosho 3. Hiyo ni hesabu ya 5 na 3, ungeweka maembe, ungeweka vifuniko vya soda, hakuna kilichobadilika, mtoto hajajua kitu kipya kuhusu korosho wala kuhusu kujumlisha. Kufungamanisha ni pale ambapo mada yenyewe inalazimisha hesabu, yaani bila kuhesabu hupati jibu la swali ambalo mtoto analitaka kweli.

Wiki ya tatu tukabadilisha, tukaweka dagaa.

Dagaa kwetu kila mtoto ana ndugu anayevua, anayeanika, anayeuza au anayebeba. Nilipouliza tu nani kwao kuna dagaa leo mikono ilinyanyuka mpaka ya nyuma kabisa. Tukajaza ramani upya, mifupa ni ile ile ya kifurushi, nyama tukaweka yetu, na mwanzoni mwa mwezi wa tatu tukapanga kwenda mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, kuangalia dagaa wanavyopokelewa na kuanikwa. Ruhusa ya mkuu, barua kwa wazazi, mguu mpaka mwaloni.

Tumefika mwalo mtupu. Mitumbwi imepandishwa mchangani, wavuvi wamekaa wanashona nyavu, hakuna hata dagaa mmoja. Mimi nilisahau kabisa kwamba ni mbalamwezi, na kifurushi cha korosho kisingeweza kunikumbusha. Nilitaka turudi. Ila mtoto mmoja akamsogelea mzee mmoja akamwamkia shikamoo babu, akamuuliza mbona leo hamvui. Mzee akaacha wavu akawaita wote wakae, akawaelekeza taratibu: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai sasa hivi hizi za sola, taa inawavuta wanajikusanya ndo unazungusha wavu, sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, dagaa hana sababu ya kuifuata taa yako, kwahiyo siku kama kumi hivi kila mwezi wanapumzika wanasubiri giza lirudi. Watoto 86 kimya kabisa. Halafu wakaanza maswali, giza linarudi lini, linakaa siku ngapi, mlijuaje. Mwalimu wa Hisabati akanigusa bega akasema, mwalimu, hiki ndo kipindi chetu cha wiki nne.

Kila mtoto akachora jedwali kwenye counter book, kila usiku anachora mwezi alivyouona. Nilipokagua wiki ya kwanza kuna binti nilikuta mistari mitatu amepaka kiboksi chote cheusi kwa penseli na pembeni kaandika "mawingu sijaona". Wenzake wengi usiku ule ule walichora mwezi mzuri wa duara wa kubuni, maana mvua ilikua imeshaanza na hakuna aliyeuona. Nikamnyanyulia daftari darasa zima likaona, nikasema hivi ndivyo anavyoandika mtu anayechunguza, usichokiona andika hujakiona. Toka siku hiyo viboksi vyeusi vikaongezeka kwenye madaftari yote na mimi nilifurahi kuliko wangepata mia kwa mia.

Siku chache baada ya mbalamwezi wakaja wanasema mwezi umepotea, saa mbili usiku haupo. Baba wa mmoja wao, mvuvi, akamwambia haujapotea unachelewa, angalia alfajiri. Kweli mwezi unachelewa kutoka karibu dakika 50 kila siku, kwahiyo ikawa kazi ya saa na dakika ambayo ndo iko kwenye Hisabati ya muhula huu. Na walipohesabu kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine nusu ya darasa wakapata siku 29, nusu nyingine wakapata 30, wakagombana kweli kweli, kila upande unaonyesha daftari. Jibu ni 29 na nusu. Ile nusu ilivyoandikwa ubaoni hakuna mtoto aliyehitaji kuelezwa kwanini hesabu za sehemu ni muhimu.

Bei nazo zikafuata. Wakawa wanauliza nyumbani sado ya dagaa, ile ndoo ndogo ya kupimia, ni shingapi, wiki za giza wakaleta 9,000, mbalamwezi ikafika 12,000, tukachora takwimu kwa picha, wakaona wenyewe mstari unavyopanda kila mwezi ukiwa mkubwa. Hapo sikumwambia mtu achore dagaa 5 ajumlishe na 3.

Kitu kingine nataka mwalimu wa kanda ya ziwa ajaribu ni hiki cha mchanga. Tulichukua dagaa walioanikwa chini mchangani na waliokaushwa kwenye kichanja, kiasi kile kile, tukawaosha kila kundi kwenye chupa yake ya maji ya kunywa iliyokatwa juu, tukaacha maji yatulie. Chupa ya kwanza ikaweka utando wa mchanga chini unene wa kucha, ya pili ikabaki na vumbi kidogo tu. Watoto walipanga foleni kuja kuchungulia. Sayansi wakaandika usafi na uhifadhi wa chakula, Hisabati tukapima mchanga kwa kijiko cha chai, Kiswahili wakaandika barua kwa mama zao kueleza walichokiona, na hizo barua zilifika kweli maana wazazi wawili walikuja kuniuliza kichanja kinatengenezwaje. Yule wa pili alikuja na mtoto mgongoni, akasema yeye anaanika mchangani toka akiwa msichana, hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Masomo mengine nipite haraka. Jiografia tulichora ramani ya Ziwa Victoria na nchi tatu zinazolizunguka, nikawaambia ni kilomita za mraba 68,800, kwao ni namba tu bado, sikuwalazimisha. Sanaa walifinyanga mitumbwi kwa udongo. English ilikua dhaifu, maneno ya mwaloni hayana Kiingereza ambacho mtoto atakitumia popote, kama somo haliingii lisivutwe kwa nguvu, tuliiacha English iende na azimio lake. Historia ndo ilinishangaza, babu wa mtoto mmoja alikuja darasani kueleza furu, wale samaki wadogo, walivyokua wengi ziwani kabla ya sangara. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, na aina nyingi zikatoweka kabisa. Mtoto mmoja akauliza kwahiyo babu ulikua unakula samaki ambaye mimi sitamuona? Yule babu akakaa kidogo kabla ya kujibu ndiyo.

Sapoti ya grupu ni ya kawaida, ukiuliza jioni unajibiwa kesho yake. Nilipowaandikia kuhusu majina ya masomo ya zamani walikiri na baada ya wiki kama mbili wakatuma faili jipya limesahihishwa, nashukuru kwa hilo, ila lingekua sahihi toka siku ya kuuza. Niliwaomba pia waweke safu moja kwenye ramani ya msimu wa mahali, yaani mwalimu ajaze mvua zinaanza lini, mavuno lini, mbalamwezi lini, mnada lini, maana hiyo ndo inaamua wiki gani utoke nje na watoto. Wamesema watafanya, sijaona bado.

Kwa nyota nawapa 3 na nusu kati ya 5, na zote ni za ile ramani. Kama una laptopu na walimu wenzako wako tayari kukaa pamoja nusu siku, jedwali kama lile mnaweza hata kulichora wenyewe kwenye manila. Kama uko peke yako na hujawahi kufanya kabisa basi nunua, elfu 25 si haba lakini inakupa pa kuanzia. Halafu darasa la tatu ndo mahali pazuri pa kujaribu, upimaji wa kitaifa uko la nne, mkuu wa shule hana presha sana na wewe.

Muhula wa pili tumeshakubaliana mada, daraja la Kigongo hadi Busisi lililochukua nafasi ya kivuko. Lilifunguliwa mwezi wa 6 mwaka 2025, lina kama kilomita 3, na kila mtoto hapa mzazi wake ameshawahi kulala kwenye foleni ya kivuko. Mwalimu wa Hisabati ameshachukua wiki ya 2 na ya 3 kwa ajili ya urefu na muda, Kiswahili wanataka kuhoji waliokua wanauza ndizi na samaki kivukoni wako wapi sasa hivi, na mimi safari hii nimeanza kwa kuangalia kalenda ya mwezi.