Hekalu liendeshwe na nani: ofisa wa serikali au wenyewe?

Jimbo la Tamil Nadu, India, lina idara nzima ya serikali ya kusimamia mahekalu ya Kihindu, chini ya sheria ya mwaka 1959. Faida yake ni hesabu: mapato yanakaguliwa, na ardhi ya hekalu haiuzwi bila kibali. Kasoro yake? Ofisa akishaingia, kumtoa ni kazi.

Waulize makuhani wa jamii ya Dikshitar wa hekalu la Nataraja, mjini Chidambaram, jimboni humo humo. Waliwekewa ofisa mtendaji, wakapanda ngazi za mahakama hadi Mahakama ya Juu, na Januari 2014 wakashinda. Majaji walisema serikali inaweza kuingilia kurekebisha uendeshaji mbovu, lakini kwa muda tu; kasoro ikiisha, irudishe funguo. Msingi ni ibara ya 26 ya katiba, inayoyapa madhehebu haki ya kujiendeshea mambo yao ya dini. Mali, hata hivyo, huendeshwa kwa mujibu wa sheria, na ugomvi mwingi huanzia hapo hapo.

Kuwaachia wenyewe kunalinda ibada. Lakini nani anahesabu dhahabu? Hekalu la Padmanabhaswamy, Kerala, lilikutwa na hazina kubwa mno vyumba vyake vilipofunguliwa mwaka 2011, mwaka ule ule Mahakama Kuu ya Kerala ilipotaka serikali ilichukue hekalu. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikatambua haki ya familia ya kifalme ya Travancore, ufalme wa zamani wa eneo hilo, ya kuwa walezi wa hekalu, ila uendeshaji ukawekwa kwa kamati inayoongozwa na jaji wa wilaya. Kwangu mimi, mpango huu unazidi njia zote mbili.