Biro ya kufuata bantu juu ya madeni, hapa L'shi: nyota moja, na ile moja ni ya mulinzi wa ku mulango

Jina ya hii biro siiandike, juu sitake tena mambo na beye, lakini kama uko Lubumbashi na namba yenye haujue inakupigia asubui na mapema, mutu anataja majina yako yote matatu sawa mupadri ku ubatizo, kiisha anasema uko na "dosiye" kwao, basi pengine ni beye.

Kazi yao iko hivi: kampuni inabapatia liste ya bantu benye habakulipa, beye banakamata simu na kubafuata, na ku pesa yenye inaingia banakata asilimia yao. Kazi yenyewe haiko mubaya, deni ni deni, ukikopa lipa. Ubaya ni kwamba ile liste hakuna mutu anaichunguza. Deni yenye balikuwa banalomba kwangu ni ya abonema ya intaneti yenye iliwekwa mu parseli mbele mimi nihamie mule, ule lokatere wa zamani alienda zake Kolwezi, akaacha antene ku paa, na faktire ikaendelea kutembea yenyewe mpaka ikafika dola 340. Mimi ile intaneti sijaionja hata siku moja, waya ya ile antene tulikuwa tunaanikia nguo.

Sasa balipata namna gani jina yangu? Balituma kijana mu kartiye, huku Bel-Air, akafika ku parseli wakati siko, akauliza mutoto wa jirani "mama wa hapa anaitwa nani, na simu yake?" Mutoto na adabu yake akasema yote. Ile njo uchunguzi wao. Deni ilikuwa ya nyumba, bakaibandika ku mutu wa kwanza mwenye alifungua mulango.

Ku simu, sifuri. Habakuachie umalize. "Mama, uko na mpaka ijumaa, kiisha tunakuja na wisiye na polisi, tunabeba frigo na televizyo." (Wisiye ni mutumishi wa tribinali mwenye anabebaka vitu juu ya deni.) Nauliza: Papa, deni ya nini? "Ile utaijua mbele ya tribinali, mama." Kiisha mesaje zote za herufi kubwa, kifaransa ya kutisha, na barua ya onyo yenye tampon nyekundu munene yenye ukisoma muzuri ni tampon ya biro yao tu, haiko ya tribinali hata kidogo. Lakini kitu yenye ilinikasirisha kabisa ni kupigia yaya yangu wa ku Katuba, sijue namba balitosha wapi, kumuambia mudogo wako ni muwizi. Yaya alikuwa tayari anatafuta pesa ya kulipa juu ya haya tu! Na njo vile banafanyaka, haya ya mu kartiye na mu kanisa inafanya kazi kuliko sheria. Kumbe inchi iko na kode ya numeriki tangu 2023, na mule habari za mutu zinalindwa, haziko za kutembeza kwa ndugu na jirani.

Nikaenda kwao mu mji. Ule mulinzi, Mungu amubariki, alinipatia kiti kwenye kivuli, akaniambia polepole "mama, ukiingia lomba kontra, usilombe kitu ingine." Ndani, ule wa dosiye akafungua farde: karatasi moja, jina yangu ya kuandika na kalamu juu ya jina ingine ya kufuta, na 340. Paka ile. Nikamuambia Papa tafazali, kontra yenye niliweka sahihi iko wapi? Iko ku kampuni. Basi ilete. Akakasirika sawa vile nimemutukana.

Ile fotokopi ilipokuya (baliichelewesha sana) ilikuwa ya 2021, wakati mimi ningali nalipa nyumba Likasi, sahihi haiko yangu, namba ya karte ya elektere haiko yangu. Unafikiri baliomba musamaha? Akasema "basi mama, lipa hata dola 20 tu ya kuonyesha roho nzuri, tufunge dosiye." Hapa njo muwe macho kabisa! Usitoshe hata franka 500. Ukilipa kidogo inaweza kuonekana sawa umekubali deni, na ile resi banaweza kukuonyesha nayo kesho mbele ya juji.

Avoka wa ile biro ya maulizo ya bule ya baro (chama ya ba avoka) alinieleza muzuri, ile ninaipa nyota nne (tano hapana, juu ya foleni). Mwenye analomba deni njo anapashwa kuihakikisha, iko mu kode sivili kitabu cha 3, ya tangu 1888, artikle 197. Kubeba frigo yako inaomba hati ya tribinali, ni sheria ya OHADA (umoja wa inchi za Afrika zenye ziko na sheria moja ya biashara) yenye Kongo iliingia mu 2012, wisiye wa kweli anakuya na hati, hakuye na makelele. Na polisi haina kazi mu deni ya kontra, Kongo ilikubali tangu 1976 ule mukataba wa mataifa wenye unakataza kufunga mutu juu tu ameshindwa kutimiza kontra. Lakini siku moja ukipokea karatasi ya tribinali ya kweli yenye kukuamuru ulipe, usiifiche chini ya matela, siku za kuipinga ni kidogo, kimbia nayo kwa avoka siku ileile.

Mimi niliandika barua kopi mbili: hii deni ninaikataa, muko na ushahidi muulete. Nikatia kontra yangu ya nyumba na atestasyo ya shefu wa kartiye, bakaweka tampon ku kopi yangu (ule wa ku resepsyo hakutaka, nikakaa pale mpaka akaichoka sura yangu). Kisha ile, simu zikanyamaza. Karatasi ya kusema dosiye imefungwa, hapana, nimeiomba na ningali naiomba, na kwa yaya yangu hakuna mwenye alirudi kusema tulikosea.

Kama unapashwa kwenda kule, enda asubui, kisha saa sita ule wa dosiye anakuwaka "mu misyo". Beba kalamu yako, na ile kopi yenye tampon usiiachie mutu aibebe kwenda kuifotokopia.